Fedha Zetu Mnazo, Namba Zetu Mnazo: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Medicare

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Huduma za Serikali, Mheshimiwa Waziri wa Afya, na Mtendaji Mkuu wa Services Australia, Canberra.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Logan, kusini mwa Brisbane. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu nanyi hutuandikia kwa Kiswahili. Tovuti yenu ina kurasa za lugha yetu, na miongoni mwa mambo mnayoyaeleza humo ni namna ya kuandikisha akaunti ya benki ili Medicare, bima ya afya ya serikali ya Australia, ituwekee marejesho ya fedha tulizomlipa daktari. Nimezisoma na sina ugomvi nazo. Shida ni kwamba yule anayezihitaji kuliko wote hajui kama kuna fedha za kurudishiwa, na mtu asiyejua kwamba anadai haendi kutafuta maelekezo ya kudai.

Mimi si mwanasheria wala mtumishi wa serikali. Ni yule mtu ambaye kila mtaa wa wageni hamkosi: aliyetangulia kidogo kwa Kiingereza, ambaye baada ya ibada au katikati ya msiba mzee humvuta kando, akatoa bahasha mfukoni na kumwambia, "Mwanangu, hebu nisomee hii." Bahasha hizo zimenifundisha mengi kuhusu ofisi zenu kuliko nilivyotaka kujua. Leo nataka kuzungumzia jambo moja tu kati ya hayo, maana mengine ni magumu na hili ni jepesi, na ndiyo maana linaniudhi.

Ninyi wenyewe mmetangaza, zaidi ya mara moja, kwamba Services Australia, ofisi ya serikali inayolipa marejesho hayo, imekalia zaidi ya dola milioni 200 za marejesho ya Medicare ambazo hazijalipwa, na kwamba wenyewe ni watu wanaokaribia milioni moja. Sababu mmeitaja pia: hawajaandikisha akaunti za benki. Fedha hizo hazisubiri uchunguzi. Mgonjwa ametibiwa, amelipa, dai limetumwa, limekaguliwa, limekubaliwa, na kiasi kimeshapigiwa hesabu. Kilichobaki ni tarakimu chache za kuonyesha ziende wapi.

Wengi katika hao si watu wetu, najua. Wamo vijana waliozaliwa hapahapa, waliotoka kwenye kadi ya wazazi na hawakukumbuka kuweka namba zao. Huyo kijana siku atakaposikia habari hiyo redioni atafungua simu, atabonyeza mara nne na fedha zitaingia. Simlilii sana. Namlilia mama kutoka Fizi, Kongo, ambaye habari hiyo ilimpita kwa Kiingereza, na ambaye hata ingemfikia asingedhani inamhusu.

Nieleze inavyokuwa, maana huenda kutoka Canberra haionekani.

Watu wetu wengi waliingia nchi hii kwa mpango wa kibinadamu. Ni Wakongo wa Kivu na Warundi, waliopitia Nyarugusu kule Kigoma, Kakuma kule Turkana, Nakivale ya Uganda au Dzaleka ya Malawi, na wapo walioishi kambini miaka zaidi ya kumi kabla majina yao hayajaitwa. Wakifika, hupokewa Logan na Toowoomba, Shepparton na Albury-Wodonga, Perth na Adelaide. Wiki zile za kwanza mtu anazungushwa ofisi baada ya ofisi: benki, Centrelink (ofisi ya posho za serikali), Medicare, namba ya kodi, shule ya watoto, darasa la Kiingereza. Anatia saini hapa, anatia saini pale, mkalimani yuko kwenye simu na sauti inakatika. Jioni anarudi na bahasha ya kadi ambazo hajui ipi ni ya nini. Ile ya kijani anaambiwa aishike vizuri, ni ya hospitali.

Katika mzunguko huo, namba ya akaunti kwa Centrelink haisahauliki, na haiwezi kusahaulika, kwa sababu bila hiyo hakuna chakula. Mfanyakazi wa makazi, yaani yule anayelipwa kuwasaidia wageni waanze maisha, atasimama naye kaunta hadi ahakikishe imeingia. Lakini kwa upande wa Medicare hakuna anayekimbizwa. Miezi ya mwanzo mgonjwa anapelekwa kliniki zinazoidai Medicare moja kwa moja. Anaonyesha kadi, anatibiwa, anaondoka bila kutoa senti. Akaunti ya nini? Suala hilo likipita siku ile, halipangiwi siku nyingine. Na mtego wenyewe hautegi mwaka wa kwanza. Unakuja kutega mwaka wa tatu au wa nne, wakati mfanyakazi wa makazi ameshafunga faili na kila mtu anaamini familia hii imeshazoea.

Chukueni mtoto mwenye matatizo ya masikio. Daktari wa kawaida amemtazama bure, kisha ameandika rufaa kwa daktari bingwa. Madaktari bingwa wengi hawatibu bure nje ya hospitali za umma, na foleni ya hospitali ya umma ni ndefu, kwa hiyo mama anachanga. Tuseme bei iliyopangwa na serikali kwa huduma hiyo ni dola 100, na bingwa anatoza 180. Medicare itarudisha asilimia 85 ya bei ya serikali, yaani dola 85. Zile 95 nyingine ni za mama mwenyewe, ndiyo sheria, na sina neno nayo leo. Mama anatoa 180 kwa kadi au kwa noti. Binti wa mapokezi anabonyeza kompyuta, dai linakwenda kwenu palepale, na anamwambia kwa tabasamu kwamba fedha zitaingia kwenye akaunti. Mama anatikisa kichwa. Anatikisa kichwa kwa kila kitu anachoambiwa kwa Kiingereza cha haraka, kama ambavyo ningefanya mimi nikiwa Beijing.

Halafu kimya. Hakuna kilichoingia, na yeye hakitazamii kitu.

Hapo "hakitazamii" naomba msimame kidogo, maana watu wenu wa mawasiliano hapo ndipo hawafiki. Alikotoka mama huyu, fedha iliyoingia hospitali haijawahi kutoka. Kongo unalipa kabla hujaguswa. Mzazi akishindwa kulipa gharama za kujifungua hubakishwa wodini na mtoto wake mpaka ndugu wachange, na jambo hilo si siri, limeandikwa na kulaaniwa miaka mingi. Kambini dawa ilikuwa ya bure au haikuwepo kabisa. Katika maisha yake yote hakuna siku aliyomlipa daktari kisha serikali ikamfuata kumwambia, mama, sehemu ya hiyo ni yako, shika. Mnapomwandikia "andikisha akaunti yako upate marejesho," mnaanzia hatua ya tano. Hatua ya kwanza ni kumwambia kwamba kuna kitu kama hicho duniani. Mimi mwenyewe nimewaeleza watu wazima, wenye akili zao na biashara zao, wakanitazama kwa huruma wakidhani nimetapeliwa.

Zamani angalau kulikuwa na njia ya pembeni. Medicare iliwahi kulipa noti dirishani, na iliwahi kutuma hundi. Hundi ina shida zake, lakini ilikuwa ikimfuata mtu hadi sanduku lake la barua. Hata asiyejua kuwa anadai alishtuka kuona karatasi yenye jina lake na kiasi cha fedha, akaileta kwangu. Mliiondoa kwa sababu nzuri za gharama na usalama. Ila mlipoiondoa mliondoa pia kile kilichokuwa kikimshtua, na mahali pake mkaweka fedha inayokaa kimya ikimngoja mwenyewe aiulizie.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Mama huyu namba yake ya akaunti mnayo. Mmekuwa mkiitumia kila baada ya wiki mbili tangu alipofika. Centrelink na Medicare si mashirika mawili. Ni Services Australia hiyohiyo, mara nyingi jengo lilelile na kaunta ileile. Lakini namba ikiandikishwa Centrelink haivuki kwenda Medicare, na ikibadilishwa Medicare haibadiliki Centrelink. Ni nyumba moja yenye vyumba viwili: chumba hiki kinamwekea mtu posho yake bila kukosea, chumba cha pili kinasema hakijui anakaa wapi.

Najua nitajibiwa kuhusu faragha. Sheria ya bima ya afya ya mwaka 1973 ina kifungu cha usiri, na taarifa za matibabu zimewekewa ukuta zisichanganyike na mambo mengine. Nawaunga mkono kabisa. Sitaki afisa wa posho ajue kwamba nilimwona daktari wa akili, na hakuna jirani yangu anayetaka. Lakini ninachoomba hakivushi ugonjwa wa mtu. Kinavusha namba ya akaunti, upande mmoja tu, na kwa idhini ya mwenyewe. Ni swali moja la kuulizwa kaunta, au kwenye simu, kila mtu anapoandikisha au kubadilisha akaunti Centrelink: "Namba hii tuitumie pia kukurudishia fedha za Medicare?" Akisema ndiyo, iandikwe. Akisema hapana, basi. Sioni ukuta gani wa faragha unaobomoka mtu anapoulizwa akajibu mwenyewe.

Na msiniambie kwamba kuunganisha kumbukumbu za ofisi moja na nyingine ni kazi ngumu kiufundi. Serikali hii iliunganisha kumbukumbu za mapato za ofisi ya kodi na posho za Centrelink, ikaziachia kompyuta zipige hesabu za wastani, na barua za madai zikawafikia mamia ya maelfu ya watu ambao wengi wao hawakuwa wanadaiwa chochote. Mpango huo, Robodebt, tunaukumbuka. Tume ya Kifalme ya kuuchunguza, chini ya Catherine Holmes, ilitoa ripoti yake Julai 2023 na iliyoyasema hayakuwa matamu. Sitaki kuchokonoa kidonda. Wengi wenu hamkuwepo, na wengine mlikuwa upande wa kuupinga mpango ule. Ninachosema ni hiki: ilipoaminika kwamba sisi ndio tunaodaiwa, tulitafutwa kwa barua, kwa simu na hata kwa mawakala wa kukusanya madeni, na tulipatikana. Inakuwaje nyinyi ndio mnaodaiwa, sisi tuwe watu wasiojulikana walipo?

Tena mkasa ule ulituachia ugonjwa mwingine. Zipo nyumba ambazo barua yenye nembo ya serikali haifunguliwi siku hiyohiyo. Inawekwa juu ya friji. Watu wanaiogopa. Kwa hiyo hata mkituma barua nzuri ya kusema "tuna fedha zako," hesabuni muda wa kukaa juu ya friji.

Kuhusu simu, hali ni mbaya zaidi. Nimesimama mbele ya wazee wetu nikawafundisha, kama tulivyoelekezwa na benki na polisi: asiyemjua akipiga akaomba namba ya akaunti, kata. Ujumbe ukija unasema Medicare ina marejesho yako, bofya hapa, futa. Wametii. Matapeli wanalitumia jina la Medicare kwa sababu wanajua ni jina linaloaminika, na nyinyi kwa busara mmeondoa viungo vya kubofya katika ujumbe wa myGov, ile tovuti ya kuingilia huduma za serikali. Vizuri sana. Lakini simu za maofisa wenu mara nyingi huingia bila kuonyesha namba. Mzee aliyefundishwa vizuri hapokei. Tumewafundisha vyema kiasi kwamba hata mkweli hapiti, na lawama hiyo siwezi kuwatupia wazee.

Mtasema, basi watumie mtandao. Natamani mngekaa sebuleni siku moja muone jinsi familia ya watu wanane inavyotumia myGov. Neno la siri liko kichwani mwa mjukuu. Ujumbe wa kuthibitisha unakwenda kwenye laini ya zamani ambayo iliisha muda na imeshatupwa. Mjukuu akipata kazi migodini kule Australia Magharibi, anaondoka na serikali yote ya bibi yake mfukoni. Bibi akitaka kufungua upya anaulizwa maswali ya kumtambua, la kwanza likiwa tarehe ya kuzaliwa. Mnajua kwamba maelfu ya wakimbizi katika kumbukumbu zenu wamezaliwa tarehe 1 Januari. Waliandikiwa hivyo kambini kwa sababu hawakuwa na cheti. Bibi anajua alizaliwa msimu wa mavuno, mwaka ambao mto ulifurika. Tarehe ya serikali ndiyo inayomponyoka. Akikosea, anaonekana tapeli wa fedha zake mwenyewe. Majina nayo vivyo hivyo: benki imeandika jina la baba mwisho, kadi ya Medicare imeliandika mwanzo, na karatasi ya kambi ina herufi ambayo hakuna anayejua ilitoka wapi.

Hapo huwa nasikia wataalamu wakisema jamii zetu hazina ujuzi wa fedha za kidijitali. Niwasahihishe kwa heshima. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na wengi wetu tumetuma na kupokea fedha kwa simu ya tochi kabla hatujaiona Australia hata kwenye ramani. Tangu 2015 kule Kakuma sehemu ya posho ya chakula ilikuja kwa laini ya simu, mpango tuliouita Bamba Chakula. Mama asiyejua kusoma alijua salio lake na alijua duka gani linamwibia. Kule namba iliyokutambulisha ndiyo hiyohiyo iliyopokea fedha. Hapa mtu ana namba ya Medicare, namba ya Centrelink, namba ya kodi, namba ya BSB (ya kutambulisha benki na tawi), namba ya akaunti na akaunti ya myGov, na kazi ya kuzifahamisha zote kwamba ni mtu mmoja ameachiwa yeye.

Nimesikia pia hoja kwamba tatizo hili linakwisha lenyewe, kwa kuwa tangu 1 Novemba 2025 motisha ya kutibu bila kumtoza mgonjwa imepanuliwa kwa kila mwenye Medicare, na kliniki nyingi zaidi zitakuwa za bure. Ni hatua nzuri, nimeishangilia. Lakini inahusu madaktari wa kawaida. Haimgusi bingwa wa masikio wala wa moyo, na huko ndiko mtu anakotoa mamia ya dola kwa mkupuo mmoja. Kadiri kliniki za kawaida zinavyokuwa za bure, ndivyo watu watakavyozidi kukaa miaka bila kuhitaji akaunti Medicare, hadi siku ya bingwa. Mtego utakuwa umefichika zaidi. (Meno siyagusi. Kwamba Medicare ya mtu mzima inaishia kwenye midomo na kuyaacha meno nje, hilo lina barua yake.)

Ninayoomba, basi. La kwanza nimeshalisema: lile swali moja la idhini kule Centrelink. Likifanyika hilo tu, nusu ya barua hii mnaweza kuichana.

La pili ni la muda. Mpango wenu wa makazi unamsindikiza mkimbizi kwa miezi kati ya sita na kumi na minane, na kabla hajaachiwa huwa kuna orodha ya mambo ambayo mfanyakazi anathibitisha kuwa mtu anayaweza: kupanda basi, kumwita daktari, kulipa bili. Wekeni humo akaunti ya Medicare, kwa kila mtu mzima aliye kwenye kadi, si kwa baba peke yake. Nasisitiza hili la kila mtu mzima. Nyumba huvunjika hapa kama kwingineko, na mama aliyelipia matibabu ya mtoto asianze kubembeleza fedha zake kutoka kwa mtu aliyehama. Mjue pia kwamba mtoto akitimiza miaka 14 mzazi hawezi tena kuona kumbukumbu zake za Medicare bila ridhaa yake, na akifika 15 anaweza kuomba kadi yake mwenyewe. Hao ndio watakaoingia katika hesabu yenu ya mwaka ujao kama hakuna mtu atakayewakumbusha leo.

La tatu, risiti. Mgonjwa anapotoka kwa daktari aliyemlipa, karatasi anayopewa iseme kwa maneno yanayosomeka: marejesho yako ni kiasi hiki, yatakwenda akaunti inayoishia na tarakimu hizi, au iseme kwa herufi kubwa kwamba HAKUNA AKAUNTI ILIYOANDIKISHWA. Karatasi hiyo hata kama hataielewa ataihifadhi, kwa sababu watu wetu hawatupi karatasi yoyote ya hospitali, na mtaani atapatikana wa kuisoma.

La nne ni sauti. Kurasa za Kiswahili ni jambo jema, lakini wanaozihitaji zaidi ni wale ambao vita iliwatoa shuleni au haikuwaingiza kabisa. Hao husikiliza. Wanasikiliza SBS Swahili, wanasikiliza sauti zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya makanisa na misikiti, wanamsikiliza mchungaji na imamu. Sauti ya dakika mbili, ya mwanamke mtu mzima, iseme: ukimlipa daktari, sehemu ya fedha hiyo serikali inakurudishia, ni haki yako, si msaada, haipunguzi posho yako. Hilo la mwisho msilisahau. Wapo ambao wakiambiwa kuna fedha wanaogopa kuipokea wakidhani mwezi ujao itakatwa Centrelink.

Tena tangazeni idadi hizi kwa eneo na kwa lugha. Kama Logan ina watu wanaodai na Toowoomba ina wengine, tuambieni ni wangapi. Majina yao hatuyataki. Tukijua ukubwa wa jambo, sisi wenyewe tutaweka meza nje ya kanisa na kualika mfanyakazi wenu mmoja mwenye kompyuta.

Sasa niombe radhi, Waheshimiwa, nizungumze kidogo na ndugu zangu wanaoisoma barua hii pembeni yenu.

Ndugu, msingoje Canberra. Kama umewahi kumlipa daktari kwa fedha yako hapa Australia na hukumbuki kurudishiwa, inawezekana kuna kitu chako. Chukua kadi yako ya Medicare, kitambulisho, na karatasi au kadi ya benki yenye BSB, ambayo ina tarakimu sita, pamoja na namba ya akaunti. Iwe akaunti ya benki ya hapa, na isiwe ya kadi ya mkopo. Nenda ofisi ya Services Australia, uombe mkalimani. Ni bure na si aibu. Ukipenda simu, piga wewe mwenyewe 131 450 kwa wakalimani, sema "Swahili," halafu waambie wakuunganishe na Medicare kwa 132 011. Kama unamudu myGov, fanya humo. Ukishaandikisha, marejesho yaliyokuwa yamekubaliwa na kukwama yatatumwa kwenye akaunti hiyo. Huhitaji kuanza kudai upya kila risiti. Ukibadilisha benki, kumbuka kuwaambia Centrelink na Medicare, kila mmoja peke yake. Wala usimpe mtu neno lako la siri kwa kisingizio cha kukusaidia, hata akiwa anayekusomea barua. Kliniki ikikuuliza kama una kadi ya benki pale mapokezi, nyingine zinaweza kukurudishia sehemu ya Medicare papohapo kwenye kadi hiyo. Uliza kabla hujalipa.

Narudi kwenu, Waheshimiwa. Sijaomba dola mpya hata moja. Bajeti ya fedha hizi mlishaipitisha, daktari alishatibu na mgonjwa alishalipa. Nitapenda kujibiwa mambo mawili tu, kwa maandishi. Swali lile la idhini linaweza kuanza kuulizwa kaunta lini? Na kama haliwezi, ni kifungu kipi cha sheria kinachokataza mtu kuulizwa, ili tumpelekee mbunge wetu akakibadilishe? Jibu la "tunalifanyia kazi" sitawasomea wazee, kwa sababu wataniuliza tarehe.

Wenu katika kusoma bahasha,

Mkazi wa Logan, Queensland